Koleji Yetu ya Ubao Mmoja

Ngoie wangu,

Umetoka sasa hivi, mlango umeubamiza kama kawaida yako, na mimi nimeketi hapa mezani jikoni na karatasi. Umesema unaenda Porte de Namur kuwaaga marafiki, saa moja tu. Saa moja ya Porte de Namur naijua mimi. Kwa hiyo nina mchana mzima, sombe, majani yetu ya muhogo, iko motoni inachemka polepole, na valizi zako za nguo zimeziba korido mpaka kwenda kufungua dirisha ni safari.

Mambo ya sweta, dawa za malaria na mahali pa kuficha pasipoti namwachia papa yako. Anayapenda sana, na ameanza kuyasema tangu Pasaka. Mimi nina habari moja tu: ile ahadi ambayo Tonton Ilunga, mjomba wenu nyote hapa, na wenzake walitaka uitoe Jumapili mbele ya watu, na wewe hukuitoa. Wiki nzima sijasema neno. Nimekuona ukinitazama, unangoja, na mimi najifanya nakaanga vitunguu. Bon, leo nasema.

Lakini kwanza niache nijivune. Mwanangu anakwenda kufundisha jiografia kwenye Koleji ya Sanaa na Sayansi ya chuo kikuu chetu, kule Katanga, palepale ambapo mimi nilisoma kemia na papa yako akasoma historia! Mtoto aliyekulia hapa Bruxelles, Etterbeek, aliyekuwa anasema "Maman, kule ni mbali" kila nikitaja nyumbani! Hakuna aliyekulazimisha. Kazi ya hapa ulikuwa nayo, nzuri, na uliiacha ukiwa na akili zako timamu. Siku walipokupigia simu kwamba wamekukubali, nilimwambia muuza mkate, nikamwambia bibi wa duka la dawa, nikawaambia wote kwa msusi kule Matonge, na dereva wa tramu naye nikamwambia, maskini, yeye alikuwa ananiuliza tu kama nashuka. Uliona haya. Uone tu, mimi sijamaliza.

Sasa tuje kwenye Jumapili. Ukumbi wa parokia pale Porte de Namur unaujua tangu ukiwa mdogo, ndipo ulipojifunza kutembea kati ya miguu ya wazee wa Koleji. Sisi tuliosoma kule na kuishia hapa Bruxelles tumekutana mle miaka yote hii baada ya misa, tunakunywa kahawa, tunabishana juu ya mambo ya zamani mpaka mlinzi anazima taa. Na Tonton Ilunga, mwenyekiti wetu, fizikia yake kichwani na kofia yake mkononi, ndiye aliyetupokea kwenye stesheni ya Gare du Midi siku tulipofika na wewe umelala mgongoni kwangu. Kumkatalia kitu mtu huyo si rahisi.

Alisimama, akakuita mbele. "Ngoie, mwana yetu, kuya hapa. Donc, unaenda kule kwa jina yetu sisi wote. Mwaka huu banapiga kura ya kugawanya Koleji, Sanaa kwake, Sayansi kwake. Sisi wazee tunasema hapana. Inua mukono, utuambie hapa mbele ya Mungu na mbele ya batu: utapiga kura ya hapana."

Hata papa yako aliacha kutafuna.

"Tonton," ukasema, "munisamehe. Sijafika hata. Sijaona kitu."

"Kuona nini? Tumekwisha kuona kwa ajili yako!"

"Ndiyo, njo vile, Tonton. Ninyi mulikwisha kuona. Munipe nami muda."

Wee! Ningekuwa mimi umri wako, ningeinua mikono yote miwili ili nikae chini haraka. Watu walinung'unika kwamba mutoto wa Ulaya hana heshima. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya mbele na uso wangu ulikuwa unawaka moto. Wewe ukadhani ni hasira. Ngoie, nilikuwa najizuia nisipige makofi. Na papo hapo nilikuwa naogopa, kwa sababu katika ukumbi ule hakuna mtu aliyepigania Koleji ibaki moja kuliko mama yako. Mambo yote mawili yalikuwa ndani yangu kwa pamoja, na ndiyo maana sikusema.

Tunajua wote kwa nini wanakutaka wewe. Wanasanaa kule ni kundi moja, wanasayansi ni kundi lingine, na jiografia imekaa katikati, mguu huku mguu kule, kila upande unaona ni yake. Walimu wa jiografia wakielemea upande mmoja, mambo yamekwisha. Utashuka kwenye ndege na kila mtu atakupokea kwa tabasamu na ajenda yake mfukoni. Kwa hiyo ni afadhali uijue historia ya Koleji kama ilivyokuwa, bila chumvi ya Jumapili.

Wazee wetu wanapenda kusema kwamba waanzilishi walikuwa na maono, kwamba walitaka akili ya mwanadamu isigawanywe. Ni maneno mazuri. Papa yako ameyaandika mara nyingi kwenye hotuba za sherehe. Ukweli ni kwamba waanzilishi walikuwa na ghala moja. Ghala ya zamani ya kampuni ya shaba, paa la bati, na ndani yake ubao mmoja mrefu uliotoka ukuta mpaka ukuta, ambao mafundi waliuunga kwa mbao za masanduku na kuupaka rangi nyeusi. Asubuhi walisoma watu wa Sanaa, mchana watu wa Sayansi. Kama wangekuwa na ghala mbili, wangegawana siku hiyohiyo na kusalimiana kwa mbali.

Na waligombana! Watu wa fizikia wakiingia, ubao umejaa wafalme na mashairi. Nani afute? Sanaa wanasema sisi tumemaliza, si kazi yetu. Sayansi wanasema hatukuja hapa kusafisha uchafu wenu. Vumbi la chaki, matusi, siku moja hata viatu vilirushwa. Mkuu wetu wa kwanza, mwalimu wa hesabu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akachoka. Akatoa adhabu: anayeingia ndiye atakayefuta, lakini kabla hajagusa kitambaa, mmoja wao asome kwa sauti kila kilichoandikwa, kisha aseme ameelewa nini. Na walioandika wasimame mlangoni wasikilize, wamsahihishe.

Ilikuwa adhabu, Ngoie. Alitaka kuwaaibisha. Lakini sisi tuliofika baadaye tuliikuta imegeuka kuwa desturi, na mtu alikuwa anavaa shati safi siku yake ya kusoma ubao. Nilimwona mvulana wa botania akisoma shairi la mapenzi mpaka akapoteza sauti. Nilimwona msichana wa falsafa akikaa na hesabu za mwendo wa sayari, jasho linamtoka, mpaka akasema: "Nimeelewa kwamba hata jua nalo lina kazi ya kila siku." Mlango mzima ulipiga kelele za furaha.

Siku yangu ilipofika, nilikuta habari za kambi za wafanyakazi wa migodi. Imeandikwa kwa mwandiko wa mbwembwe kwamba watu walitoka mbali kuja mgodini kwa sababu walivutwa na maisha ya mjini. Nikasoma mpaka mwisho. Kisha nikasema: "Nimeelewa kwamba aliyeandika hii hajawahi kuongea na babu yangu." Kicheko! Mlangoni kulikuwa na kijana mrefu, mwembamba, suruali imejaa chaki. Hakucheka. Akauliza, "Babu yako anakaa wapi?" Jumamosi akaja nyumbani, akakaa na babu mpaka jua likazama. Jumamosi iliyofuata akarudi. Babu akamwambia nyanya yangu, "Huyu kijana, maswali yake ya migodi yamekwisha zamani, sasa anauliza kama mjukuu wetu Kapinga yuko." Basi, papa yako ndiye huyo. Mpaka leo anadai mwandiko ule haukuwa wa mbwembwe.

Hiyo ndiyo sehemu tunayoihadithia. Sasa sikiliza sehemu ambayo mle ukumbini hatuihadithii.

Sisi wa kemia hatukuwa na mahali pa kuacha kitu. Kila jioni tulibomoa vyombo vyetu vyote, tukavifunga kwenye makabati, kwa sababu asubuhi ni zamu ya Sanaa. Asidi ilikula meza, na watu wa fasihi waliandika kazi zao juu ya mashimo. Wakalalamika, na walikuwa na haki. Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa naotesha fuwele za chumvi ya shaba, za buluu, nzuri sana, zinahitaji kutulia bila kuguswa. Nikaziweka dirishani nyuma ya pazia. Asubuhi moja wanafunzi wa mashairi waliona joto, wakafungua dirisha, wakazisogeza. Walizisogeza kwa upole kabisa, haki ya Mungu hawakujua. Kazi yote ikaharibika, na mimi nikarudia mwaka. Nililia mpaka macho yakavimba. Nikamwambia mkuu, "Tupeni nyumba yetu!" Mimi, mama yako, ndiye niliyesema. Neno hilohilo wanalolisema leo vijana wa Sayansi kule, tunaowaita hapa wasaliti.

Siku hizi nasikia wana majengo mazuri, maabara zina milango yake na funguo zake, kila darasa lina ubao wake mweupe. Kusoma ubao kulikufa kwenyewe, hakuna aliyekupiga marufuku. Hiyo nayo uijue.

Tulipofika hapa, diploma yangu haikukubaliwa. Nikarudi shule, kozi ya maabara, nimekaa na watoto ambao ningeweza kuwazaa. Wiki ya kwanza tuliingia darasani tukakuta ubao umejaa maandishi ya darasa lililotoka. Mwalimu akaniomba nifute, kwa sababu nilikuwa karibu. Unajua nilifanya nini? Nilisimama pale mbele, nikaanza kusoma kwa sauti! Yalikuwa mambo ya sheria, mikataba ya nyumba. Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, kwa lafudhi yangu hii, na nilipofika katikati nikageuka kuangalia mlangoni kama wenyewe wamesimama. Hakuna mtu. Darasa zima mdomo wazi. Mwalimu, kijana mpole, akaniuliza kama niko mzima, "Madame, ça va?" Nikamwambia, "Nasoma kwanza, ndipo nifute." Walicheka mpaka wengine wakalaza vichwa mezani.

Nilifuta, nikakaa. Jioni nilimsimulia papa yako, tukacheka sisi wawili mpaka ukaamka. Leo sichekei tena sana. Kucheka kwao hakukuniumiza, walikuwa watoto tu. Ninachojutia ni kwamba sikurudia tena. Kesho yake ningeweza kuwaeleza, ningeweza kumuuliza mmoja wao mkataba wa nyumba ni kitu gani, na Mungu anajua tulikuwa na shida na mwenye nyumba wakati ule! Nilinyamaza. Nikaingia kazini hospitali, kwenye maabara, na miaka ikapita bila mimi kujua wenzangu wa chumba cha pili wanapima nini. Na kila Jumapili nikawa napiga meza Porte de Namur kutetea Koleji moja. Watu wakinisifu nakubali. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajigawa zamani.

Wewe ndiye uliyenishtua. Unakumbuka ulipomaliza sekondari, ukasema unataka jiografia? Nilikujia juu. Nikakuambia jiografia si huku si kule, chagua upande, sayansi au sanaa, mtu lazima awe na kwao. Ulikuwa umeshika bakuli la nafaka mkononi, ukanitazama kwa mshangao wa kweli. "Maman," ukasema, "si ninyi munasemaka kila Jumapili kwamba kwenu hakukuwa na upande?" Papa yako alikimbilia bafuni ili acheke vizuri. Tangu siku hiyo nimejifunza kunyamaza mtoto akisema kweli, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi ngumu kuliko kemia.

Sasa, jambo la jana. Ulipokuwa mjini kununua zawadi, Tonton Ilunga alikuja hapa. Alikaa kwenye kiti hiki nilichokaa sasa. Hakutaka kahawa, ndipo nikajua ana uzito moyoni.

"Maman Ngoie," akaniambia, "wewe njo sauti ya Koleji hapa. Batu bote banajua. Ongea na mutoto. Akukatalie wewe? Hawezi."

Na ni kweli, Ngoie. Ningekukalia hapa leo, nikalia kidogo, ungeahidi. Nakujua. Ungeahidi kwa ajili yangu, ungeenda kule na mdomo wako umefungwa na mama yako.

Nikamwambia, "Tonton, siku yako ya kusoma ubao, ulisema nini umeelewa?"

"Eh, zamani hiyo. Ilikuwa mambo ya lugha. Nikasema sikuelewa kitu. Balinicheka sana."

"Mkuu alikuwa amekuambia useme hivyo?"

"Aka! Nani aniambie? Nilisema yangu."

"Basi mwache na Ngoie aseme yake."

Alizungusha kofia mara kadhaa. Nilidhani amekasirika. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Lakini Maman, bakiigawanya, sisi tutakuwa tumetoka wapi?"

Ngoie, nilishikwa na huruma hata nikakosa pa kutazama. Miaka yote nilidhani tunapigania ghala na desturi. Kumbe wazee wale wanapigania kitu kimoja tu walichobaki nacho. Hapa Bruxelles, kwa majirani, wao ni wazee tu wa ghorofa ya chini, majina yao hakuna anayeweza kuyatamka, watoto wao wanawajibu kwa Kifaransa. Koleji ndiyo cheti chao cha kuwa watu. Usiwaonee hasira kwa ajili ya ile Jumapili. Wanakupenda, na wamekushika vibaya tu.

Nikamjibu kama nilivyoweza. Nikamwambia, "Tutakuwa tumetoka palepale, Tonton. Mimi nimeolewa kutoka pale. Wewe umepata fizikia yako pale. Kura ya mwaka huu itawahusu wanaosoma sasa. Sisi tumekwisha kusoma."

Akavaa kofia. Mlangoni akasema, "Sikubali. Lakini nimesikia." Kwa Tonton Ilunga hiyo ni nusu ya baraka, ipokee hivyohivyo. Nusu nyingine mwachie muda.

Basi, mwanangu, nikuambie moyo wangu bila kuficha, usije ukafikiri nimegeuka. Mimi nataka ibaki moja. Ukuta pale katikati siutaki. Lakini mimi nilikuwa kule wakati wa ubao mmoja, na fuwele zangu ziliharibika, na hata mimi siku moja nilitaka ukuta. Wewe utafika, utafundisha, utaona. Kaa kwenye madarasa ya watu wa Sanaa mpaka wakuzoee. Kaa kwenye maabara mpaka nguo zinuke. Utakuta mtu kule, labda msichana wa kemia mkaidi kama mimi, ambaye anajua vizuri anachokosa. Msikilize huyo kabla ya kutusikiliza sisi.

Ukipiga kura ibaki moja, nitacheza katikati ya ukumbi wa parokia na papa yako ataona aibu. Ukipiga kura igawanywe, nitalia. Nitalia siku hiyo yote, nakuahidi. Kesho yake nitapika bukari, ugali wetu, na sombe na samaki, nitawaita wazee wote hapa nyumbani wakae kwenye korido kama viti havitoshi, na nitawaambia wale washibe, kisha atakayetaja vibaya jina la Ngoie nitamnyang'anya sahani. Wananijua.

Wengine walikulea wakupeleke kule uwarudishie kitu chao. Mimi sikukuzaa unirudishie kitu. Nilikuzaa, nikakusomesha kwa usiku wa zamu za hospitali, na leo nimeona nilichokuwa nakitafuta: mtoto aliyesimama mbele ya watu wazima wote wanaomtakia mema, akawaambia kwa heshima kwamba bado hajaona. Hilo sikukufundisha mimi. Sijui ulilitoa wapi, na ninalijivunia kuliko yote niliyofanya kwa mikono yangu.

Kwa hiyo siku watakapokaa kwenye mkutano ule na kuanza kuita majina, na likifika lako, usifikirie Porte de Namur. Usinifikirie mimi. Nitakapokupigia simu jioni sitakuuliza umepiga kura gani. Nitakuuliza tu kama ulipoinua mkono, uliuinua juu kabisa, watu wote wakauona.

Mama yako,
Kapinga